Mdogo wangu katoka soba wiki tatu sasa, nimekuta kete mfukoni

Bi_Mdogo_Wete: Asalam alaykum. Mdogo wangu kakaa soba, nyumba ya kuachia unga, Unguja miezi sita, karudi kwetu Wete, Pemba, siku 22 sasa. Kanenepa, anaswali, jioni anakaa na mama kuchambua dagaa. Jana nafua suruali yake nikakuta kete mbili za unga kwenye kile kimfuko kidogo cha mbele, moja ishafunguliwa. Nimezitia chooni, sijamwambia mtu. Baba akijua atamtoa nyumbani, alishaapa mbele ya wajomba. Kaka anataka tumfungie chumba cha uani. Nifanyeje?

Yakhe_Mtupu: Mfungieni. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ni siku chache tu, atalia atanyamaza.

Klini_Miaka7: Yakhe, usimpoteze dada wa watu. Mie nimevuta brauni, huo unga wa heroini, miaka 11. Arosto ataimaliza, sawa, halafu mlango ukifunguliwa? Mwili uliokaa miezi sita bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Niliyelala naye chumba kimoja soba alitoka Alhamisi, Jumamosi tukamzika. Alirudia kipimo kilekile, peke yake, kakomea kwa ndani.

Kwa hiyo dada, la kwanza, mlango wake usiwe na komeo. La pili, zungumza naye wewe kabla ya baba, na usimfokee. Muulize siku ile ilikuwaje: kapata pesa, kagombana, kapita maskani? Mie yangu ilikuwa pesa. Kila nikilipwa, miguu inajua njia. Kete ulizomwaga hazijamsaidia, samahani, huenda sasa anadaiwa.

Mkimkuta anakoroma vibaya, midomo imegeuka buluu, haamki: mwiteni, mtikiseni. Kama hapumui vizuri mpulizieni mdomoni huku gari linatafutwa, akipumua mlazeni ubavu. Maziwa na maji baridi ni hadithi za vijiweni. Hospitali semeni ukweli, unga, ili wajue kumpa naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi unga ukizidi.

Bi_Mdogo_Wete: Nimetetemeka. Na methadoni? Nasikia ni kubadilisha unga kwa unga.

Klini_Miaka7: Ndiyo iliyoniweka hai. Kliniki ya Kidongo Chekundu, huku Unguja, ilifunguliwa 2015. Unakunywa dawa ya maji mbele ya muuguzi, kila siku, inakata arosto bila kukulewesha ukipewa kipimo chako. Ila usichanganye na valiamu, vile vidonge vya usingizi, wala pombe, hapo pumzi inakatika. Mie nilihamia kwa shangazi Mwanakwerekwe kwa sababu hiyo hiyo ya kila siku. Daktari ndiye atakayesema kama inamfaa mdogo wako.

Yakhe_Mtupu: Nimesoma. Hilo la kipimo sikulijua, wallahi.

Bi_Mdogo_Wete: Nimezungumza naye baada ya Isha, jikoni. Kakiri, kavuta mara moja, Ijumaa, kalipwa kibarua cha bandarini. Kalia. Pesa kampa mama azishike, mwenyewe kaomba. Kaka kanuna, lakini komeo kaling'oa. Baba bado hajui. Boti ya Mkoani kuja huko Unguja siku hizi inaondoka saa ngapi?