Naambiwa nisaini saruji ambayo sikuiona ikishushwa. Nifanyeje?

Mama Tumaini
Habari zenu wakuu. Watoto wangu wawili wanasoma shule ya msingi ya serikali hapa kijijini. Mwaka huu wazazi walinichagua kuingia kamati ya shule, nikapangwa upande wa kupokea vifaa. Tumeletewa fedha za madarasa mawili, tunajenga kwa fosi akaunti: mafundi wa hapahapa, vifaa tunanunua wenyewe.

Ijumaa nimeitwa ofisini nisaini kwamba tumepokea mifuko 120 ya saruji. Lori lilishusha nikiwa shambani. Nikaomba funguo za stoo nikahesabu, 84. Nikarudia kwa kugusa mfuko mmoja mmoja, 84. Naambiwa mingine imeshaingia kwenye msingi, lakini msingi ulimwagwa zege wiki nzima kabla ya lori hilo kufika! Wenzangu wawili wameshasaini. Nimeambiwa nisiwe mkorofi, na binti yangu yuko darasa la saba hapohapo. Naogopa kwa kweli.

Fundi Mwashi
Dada, usisaini. Omba leja ya stoo. Kila mfuko unaotoka unaandikwa tarehe, idadi, nani kauchukua na sahihi yake. Kama 36 ilitoka kihalali itaonekana humo. Tazama na karatasi aliyoacha dereva, ina tarehe gani na nani alipokea.

Mtendaji Mstaafu
Mama Tumaini, shikilia hapohapo. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku inatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule, haimegwi tena njiani halmashauri. Jambo jema, ila macho ya kwanza sasa ni ninyi wa kamati. Mkaguzi wa ndani ana shule nyingi mno, na watu wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, wakija saruji itakuwa imeshaisha. Watakuta makaratasi, na kwenye makaratasi watakuta sahihi yako.

Wakikubana, andika kwa mkono wako "nimehesabu mifuko 84", weka tarehe, ndipo usaini. Piga picha.

Bi Mkubwa
Mimi ningeanza kwa mwalimu mkuu mwenyewe, kwa staha, mbele ya mwenyekiti wa kamati. Kwetu tuliwahi kumshuku mtu bure, kumbe mwenye duka alileta mzigo kwa awamu mbili na hati ikaandikwa moja. Mwanangu, usimwite mtu mwizi kabla hujaona leja.

Mzazi wa Kata
Naungana na Bi Mkubwa, ila majibu yakikosekana TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapatikana kwa simu 113, bure. Pia daini mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Wazazi wengi hawajui hata kwamba ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka: 6,000 inaingia shuleni, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 500 ni milioni 3. Asiyejua kilichoingia atauliza nini?

Mama Tumaini
Asanteni sana. Leo nimekwenda na mwenyekiti. Tumefungua leja, ukurasa wa saruji hauna hata mstari mmoja tangu lori lile lije. Mwalimu mkuu amesema atamuuliza mwenye duka. Nimeandika 84 nikasaini, mkono unatetemeka. Jumatano tuna kikao, na mwenyekiti amekubali kumwita afisa elimu kata.