"Oh" kwenye insha: koma au alama ya mshangao?

Mwalimu wa Muheza: Wadau, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Wiki hii nimesahihisha insha 46, na hiyo "Oh" imenitesa. Mwanafunzi kaandika "Oh! my grandmother fell down." Nikamkata nusu maksi kwa ile m ndogo, tena mbele ya wenzake. Jana kaniletea kitabu cha hadithi cha zamani: "Oh!" halafu herufi ndogo, vilevile kama alivyoandika. Nani kakosea? Sitaki kumwonea mtoto.

Mhariri: Mwalimu, hakulitunga kichwani. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19 vimejaa mtindo huo: kihisishi kinapewa alama ya mshangao na sentensi inaendelea. Siku hizi tunachagua. Ukali ukizidi, kihisishi husimama peke yake na sentensi mpya inaanza kwa herufi kubwa: "Oh! My grandmother fell down." Hisia ikiwa ndogo, koma yatosha: "Oh, I forgot the salt." Kikiingia katikati, koma huku na huku: "She is, well, a bit late." Ila "Oh no!" kwa kawaida haina koma ndani. Na ile "O" ya kuita, kama "O Lord" ya kwenye sala, ni herufi kubwa daima, wala haifuatwi na koma.

Dada wa Mapokezi: Wafundishe na "pole" jamani. Nafanya kazi hotelini Zanzibar. Mgeni Mwingereza alijikwaa ngazini, nikamwambia "Sorry!" Akashangaa: "But it wasn't your fault." Kwake ilikuwa kama nakiri kosa. Siku hizi nasema "Oh dear, are you all right?" na mtu anaelewa kuwa namwonea huruma.

Mwalimu wa Muheza: Dada, hilo la "pole" nalibeba kama lilivyo. Mhariri, asante sana. Kesho namrudishia nusu maksi yake mbele ya darasa, maana huko ndiko nilikomkatia, kisha nitawaeleza wote mtindo wa sasa. Na "kumbe" je? Wananiuliza kila kipindi.

Mhariri: Neno moja la kuitosha sijaliona. "Kumbe ulijua!" mimi huandika "Oh, so you knew!" Koma inakaa baada ya "Oh", na mshangao wote unasubiri mwisho wa sentensi.