Mjadala: Arteta abaki Arsenal, ila apunguziwe rungu

Wadau, tuliweke hili mezani bila kuzunguka. Naandika haya mwishoni mwa Juni 2025, na msimu wa 2024/25 umekwisha. Liverpool wamebeba ubingwa wa England kwa pointi 84, Arsenal wamekuwa wa pili kwa pointi 74, na hii ni mara ya tatu mfululizo tunaishia nafasi hiyo hiyo. Kocha Mikel Arteta yuko nasi tangu Desemba 2019, na kombe kubwa alilotuletea ni moja tu, la FA la mwaka 2020. Ngao za Jamii siziweki kwenye hesabu. Mkataba wake unakwenda hadi 2027. Swali linalogombanisha watu kwenye vibanda umiza vya Dar na kwenye vijiwe vya Nairobi mnalijua: aendelee, au atafutwe mwingine?

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Asifukuzwe. Lakini madaraka aliyopewa mwaka 2020 yapunguzwe, na yapunguzwe sasa, dirisha la usajili likiwa wazi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayopindishwa zaidi kwenye ubishi huu. Arsenal wamepoteza mechi nne tu za ligi msimu mzima. Liverpool, ambao ni mabingwa, nao wamepoteza nne. Sisi tumefungwa mabao 34, wao 41. Kwa hiyo anayesema timu imeoza yote, sijui anatazama ligi ipi. Kilichotumaliza ni sare. Tumetoka sare 14, wao tisa. Na tumefunga mabao 69 wakati wao wamefunga 86. Msimu uliotangulia sisi hao hao tulifunga 91, tukamaliza na pointi 89, mbili nyuma ya Manchester City. Mabao 22 yamepotea ndani ya mwaka mmoja, na kocha ni yule yule.

Yamekwenda wapi? Agosti 2024 Eddie Nketiah aliuzwa Crystal Palace, Emile Smith Rowe akauzwa Fulham, Reiss Nelson na Fabio Vieira wakatolewa kwa mkopo. Waliosajiliwa ni Riccardo Calafiori, ambaye ni beki, na Mikel Merino, ambaye ni kiungo. Mtu wa mbele aliyeingia ni mmoja tu, Raheem Sterling, kwa mkopo, tena siku ya mwisho ya dirisha. Kisha yakaja majeraha. Bukayo Saka aliumia nyama za paja Desemba, Gabriel Jesus akaumia goti Januari, Kai Havertz akaumia nyama za paja Februari kambini Dubai. Dirisha la Januari likafunguliwa, likafungwa, na hakuingia straika hata mmoja.

Mtakumbuka Februari 15 pale Leicester. Ni suluhu, kipindi cha pili kinayoyoma, benchi halina mshambuliaji. Arteta akamtoa Sterling, akamwingiza Merino akasimame namba tisa. Dakika ya 81 Merino akaunganisha kwa kichwa krosi ya Ethan Nwaneri, dakika ya 87 akaongeza la pili. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Wiki moja baadaye, nyumbani Emirates, akaanza yeye mbele dhidi ya West Ham. Jarrod Bowen akatufunga kabla ya mapumziko, Myles Lewis-Skelly akalimwa kadi nyekundu kipindi cha pili, tukalala 1-0. Mechi iliyofuata tukatoka suluhu na Nottingham Forest. Ubingwa uliishia hapo, hata kama kalenda ilikuwa bado na mechi nyingi. Mfungaji wetu bora wa ligi alimaliza na mabao tisa, naye ni Havertz, aliyekosa miezi mitatu. Mohamed Salah wa Liverpool alimaliza na 29.

Kambi ya wanaotaka aondoke inasema: aliyetaka beki na kiungo badala ya straika ni yeye, kwa hiyo mzigo ni wake. Hapo niko nao. Nawaongezea hata silaha nyingine, kwa sababu si sare zote zilizotokana na uhaba wa mtu wa mbele. Januari tuliongoza 2-0 nyumbani dhidi ya Aston Villa, wakarudisha zote mbili. Aprili tuliongoza mara mbili dhidi ya Crystal Palace, pia nyumbani, ikaisha 2-2. Timu inayopata bao kisha inarudi nyuma kulilinda imefundishwa hivyo mazoezini, na hilo halihusiani na usajili. Anayemtetea Arteta kwa majeraha peke yake anaruka sehemu hii.

Lakini dawa yao ndiyo inayonishinda kuimeza. Angalieni rungu lenyewe lilivyomfikia. Desemba 2019 aliajiriwa kama kocha mkuu. Agosti 2020 mkuu wa masuala ya soka, Raul Sanllehi, akaondoka. Mwezi uliofuata klabu ikambadilishia Arteta cheo, akawa meneja. Wakati ule ilikuwa sahihi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na wachezaji wenye mishahara mikubwa kuliko kazi waliyokuwa wakiifanya, na alihitajika mtu mmoja mwenye kauli. Akaitumia. Mesut Özil akaondoka Januari 2021. Pierre-Emerick Aubameyang akavuliwa unahodha Desemba 2021, na miezi miwili baadaye alikuwa Barcelona. Waliolalamika wakati ule leo hawalitaji tena jambo hilo. Timu iliyomaliza ya nane misimu miwili mfululizo ikawa ya tano, kisha ya pili.

Kazi ile imekwisha, rungu bado liko mkononi. Edu Gaspar, mkurugenzi wa michezo aliyefanya naye kazi muda wote huo, aliondoka Novemba 2024. Andrea Berta aliletwa kutoka Atletico Madrid Machi 2025. Katikati hapo klabu ilipita dirisha zima la Januari bila mkurugenzi wa kudumu. Najiuliza ni nani pale London Colney, kwenye viwanja vyetu vya mazoezi, alikuwa na ubavu wa kumwambia meneja, "Hapana, kabla ya kitu kingine chochote tunanunua mfungaji."

Hapa ndipo ninapomkumbuka kocha wetu wa zamani, Arsene Wenger. Watu wamekariri kwamba tatizo lake lilikuwa kukaa muda mrefu, miaka 22. Mimi siamini hivyo. Alipokuwa na David Dein, makamu mwenyekiti wa klabu, pembeni yake alichukua ubingwa 1998, 2002 na 2004, ule wa mwisho bila kupoteza hata mechi moja. Dein aliondoka Aprili 2007, na tangu hapo hadi naandika haya hatujauona ubingwa. Sitaki kumdhulumu mzee: Uwanja wa Emirates ulikuwa umefunguliwa 2006 na gharama zake zilibana kila senti. Ila pesa iliporudi, aliyeamua kila kitu alikuwa ni yeye peke yake. Majira ya joto ya 2015 tulimsajili Petr Čech, kipa, basi. Hakuna mchezaji wa ndani hata mmoja aliyeongezwa kwenye kikosi cha kwanza. Msimu ule wakubwa wote waliyumba, na ubingwa ukaenda Leicester kwa pointi 81. Sisi wa pili, pointi 71. Pengo la kumi, sawasawa na pengo la mwaka huu dhidi ya Liverpool.

Mnajua kilichofuata. Bayern Munich wakatufunga 5-1 kwao na 5-1 kwetu mwaka 2017. Machi mwaka huo, tukicheza na West Brom, ndege mbili zilipita juu ya uwanja kwa zamu, moja ikivuta bango la kumtaka aondoke na nyingine ikivuta bango la kumwamini. Mashabiki wa timu moja, hewani, wanajibizana. Tukafungwa 3-1. Mei tukawafunga Chelsea fainali ya FA, tukamaliza ligi nafasi ya tano, na klabu ikampa mkataba mwingine wa miaka miwili. Hakuumaliza. Aprili 2018 akatangaza kuondoka, timu ikamaliza ya sita.

Na baada ya hapo je, tulipona? Unai Emery alikuja, tukawa wa tano, tukachapwa 4-1 na Chelsea fainali ya Europa League kule Baku, na Novemba 2019 akatupiwa virago. Kocha alibadilika lakini mfumo wa juu yake ulikuwa bado unasukwa, kila baada ya miezi michache anaingia bosi mpya na mwingine anatoka. Hilo ndilo ninaloliogopa lijirudie.

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi ya upande wa pili, maana siwezi kuikwepa: Arne Slot. Jürgen Klopp aliondoka Liverpool baada ya karibu miaka tisa, kila mtu akadhani watayumba. Slot akaingia, akaongezewa Federico Chiesa tu kwa msimu huo, akabeba ubingwa mwaka wake wa kwanza. Na wenzetu wa Jangwani nao watasema, mbona Yanga msimu huu wamepita kwa makocha watatu? Gamondi aliondolewa Novemba, Ramovic akaondoka Februari kwenda Algeria, Hamdi akamalizia, na Juni 25 wakamfunga Simba 2-0 na kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Kwa hiyo kubadilisha kocha kunalipa, siyo?

Kunalipa pale ambapo kocha ndiye kitu pekee kinachobadilika. Liverpool waliwaweka kazini watu wa kuendesha soka kwanza. Michael Edwards na Richard Hughes walipatikana Machi 2024, ndipo wao wakamtafuta kocha anayefaa kikosi kilichopo. Slot alikuta kazi ya usajili ina wenyewe. Yanga nao, pendeni msipende, walikuwa na kikosi kinachojua kushinda na uongozi unaojua unachotaka. Arsenal ya leo ina mkurugenzi mwenye miezi mitatu tu kazini. Ukimwondoa Arteta leo, Berta atalazimika kutafuta kocha, straika na heshima yake mwenyewe kwa wakati mmoja. Klabu zilizojaribu hivyo mnazijua. Manchester United wako kwenye mzunguko huo tangu Alex Ferguson astaafu 2013: Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Rangnick, Ten Hag, kisha Amorim.

Nikimtaja Ferguson, kambi ya subira inaruka juu: naye alianza Novemba 1986 na ubingwa wa ligi akaupata 1993! Ndugu zangu, hoja hii tuiache. Ferguson alipewa muda enzi ambazo hapakuwa na Ligi ya Mabingwa ya kulipia mishahara wala wamiliki wa kutaka faida yao kila mwaka. Na Arteta hahitaji tena kuombewa subira kana kwamba bado anajenga. Timu iliyomfunga Real Madrid 3-0, Declan Rice akipachika mipira miwili ya adhabu ambayo hata watu wa Madrid walishika vichwa, imeshajengwa. Rice mwenyewe aligharimu hadi pauni milioni 105. Timu ya namna hiyo haipaswi kutolewa na Newcastle nusu fainali ya Kombe la Ligi kwa jumla ya mabao 4-0, wala kutolewa FA kwa penalti na Manchester United waliobaki kumi uwanjani.

Ninachotaka ni hiki. Arteta arudi kuwa kocha mkuu kwa cheo na kwa vitendo. Afundishe, apange timu, atoe maoni kuhusu wachezaji, lakini neno la mwisho kuhusu nani ananunuliwa na nani anauzwa liwe la Berta. Straika aje kabla ligi haijaanza, na asiwe kiungo aliyegeuzwa. Kwenye benchi la ufundi aongezwe mtu mwenye umri na rekodi, asiyeogopa kumwambia dakika ya 60 kwamba kurudi nyuma tukiwa tunaongoza bao moja ni kujitafutia sare. Akikataa masharti hayo, basi amejibu swali letu yeye mwenyewe.

Akiyakubali, ana msimu mmoja. Mei 2026 ikifika tukiwa na mshambuliaji wa kweli, kikosi kamili, na bado hakuna ubingwa wa ligi wala wa Ulaya, nitakuwa upande wa wanaotaka aondoke, na sitasubiri mkataba wa 2027 umalizike.

Uwanja ni wenu. Kwa wanaotaka aondoke leo nina ombi moja: msiishie kuandika "aondoke". Tajeni jina la anayekuja, yuko huru au ana mkataba wapi, na ana rekodi gani ya kushinda na kikosi alichokikuta badala ya kile alichonunuliwa upya. Kwa wanaotaka abaki na madaraka yote aliyonayo, nielezeni Januari ile ilitokeaje, na nani atahakikisha haitokei tena.