Uliwahi kutolewa grupu kwa kutangaza biashara? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Hombolo: Wakuu, jana nimetolewa grupu la wazazi wa darasa la nne. Kosa langu picha moja tu, kreti za zabibu juu ya bodaboda. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zikishaiva hazingoji mtu, jua hili zinanyauka unaziangalia. Nani kashapitia?

Ilazo Mwisho: Pole. Mimi mawili, la kwaya na la ukoo 😂

Dada Alizeti: Umenitonesha. Nauza mafuta ya alizeti, mzigo nachukua Singida. Nilikuwa na tabia ya kuamka na kurusha tangazo magrupu tisa bila hata kuyafungua. Siku hiyo grupu la mtaa, Nkuhungu, mwenyekiti alfajiri kaandika mama wa mhazini wetu amefariki. Watu wanamimina pole. Saa kumi na mbili na nusu nikatua mimi na dumu la lita 20, "OFA YA MOTO, USIKUBALI KUPITWA!" Chini yake mtu anaendelea, "Pumzika kwa amani mama." Nimekuja kushtuka saa nne niko Sabasaba, simu kumi na moja sijapokea. Nikafuta, wapi! Picha imeshafika kwa wifi yangu Mpwapwa. Nikabeba dumu la lita 10 mpaka msibani, nikaliacha jikoni, nikakaa kumenya vitunguu na kina mama. Hakuna aliyenisemesha, mpaka mpishi akauliza: "Haya mafuta hayatoi povu, ya nani?"

Kijana wa Area C: Kwa hiyo ukapata wateja msibani.

Dada Alizeti: Chunga mdomo, nilikwenda kuomba radhi.

Kijana wa Area C: Dumu lilikuwa na stika ya namba ya simu?

Dada Alizeti: Madumu yangu yote yana stika.

Ilazo Mwisho: 😂😂😂

Admini Mstaafu: Nimeongoza grupu la watu 400. Mtu mwaka mzima hajasema hata hongera kwa aliyejifungua, siku anafungua mdomo ni tangazo. Halafu bei "njoo inboksi". Muombe admini kwanza, andika bei na ulipo, ukiulizwa jibu palepale.

Ilazo Mwisho: Ukiomba utanyimwa. Weka statasi tu.

Bi Mlenda: Statasi yako wanaangalia wanaokudai. Mimi nasubiri mtu aulize mlenda mkavu unapatikana wapi, ndipo natokea, na nasema wazi kuwa muuzaji ni mimi.

Kijana wa Area C: Mimi nina laini ya pili, najisifia kama mteja.

Bi Mlenda: Kumbe ndiye wewe! Laini zote mbili picha ileile ya shati jekundu.

Mkulima wa Hombolo: Admini aliyenitoa nimpelekee kilo mbili?

Admini Mstaafu: Hiyo rushwa. Zabibu nyeupe au nyeusi?

Kijana wa Area C: Dada, hayo yasiyotoa povu, lita 5 unaleta Area C?

Dada Alizeti: Niombe radhi kwanza.

Mkulima wa Hombolo: Jamani, uzi ulikuwa wa zabibu.