Sintetiki inawahi kadiri kina kinavyoongezeka: niivute?

Tabaka_Tatu:
Wakuu, naoanisha logi za kisima (vipimo vya mwamba kwa kila kina) na data za mtetemo (mwangwi wa mawimbi kutoka ardhini). Sintetiki, yaani mtetemo wa kuigiza kutoka kwenye logi, nimeitengeneza kwa soniki (logi ya muda wa sauti kupita mwambani) na densiti, weveleti ya Ricker (umbo la wimbi la kuigiza) ya hezi 28. Kwenye mita 1,600 inawahi kwa milisekunde 6, kwenye mita 2,700 inawahi kwa 22, muda wa kwenda na kurudi. Katikati tofauti inakua taratibu. Korelesheni (kiwango cha kulingana, 1 ni kamili) 0.45. Kisima kimeinama digrii 20 kuanzia mita 1,400. Chekishoti (muda halisi wa wimbi kutoka juu hadi kipokezi kisimani) ipo ila sijaitumia. Niivute tu sintetiki hadi ilingane?

Jiwe_Kavu:
Usivute. Angalia kwanza inakosea upande gani. Ungetumia kina cha kando ya kisima badala ya kina wima, sintetiki ingechelewa. Soniki ikiruka mizunguko (ikikosa wimbi la kwanza na kusoma la baadaye) kwenye shimo lililomomonyoka, nayo huongeza muda. Yako inawahi, kwa hiyo hizo mbili weka pembeni. Kimo cha sakafu ya mtambo au datamu (usawa wa kuanzia kupima) vikikosewa, kosa huwa lile lile juu hadi chini. Labda ndiyo hizo 6 zako.

Zilizobaki, 16, ni 8 za upande mmoja ndani ya mita 1,100, kama mikrosekunde 2.2 kwa futi. Kwa soniki inayosoma 90, hiyo ni asilimia 2.5. Soniki hupima kwa kilohezi, mtetemo kwa makumi ya hezi, na masafa ya juu hupita mwambani kwa kasi zaidi. Drifti (kuachana huku kwa soniki na mtetemo) ya kawaida kabisa. Ingeruka ghafla kwenye tabaka la gesi, ningeshuku maji ya tope la kuchimbia yaliyopenya ukutani mwa shimo.

Mshindo_Kwanza:
Kwa hiyo tumia chekishoti, lakini usipitishe mstari wa masahihisho kwenye kila nukta. Hapo ndipo wengi huharibu. Nukta zikiachana mita 50 kwenye mwamba wa mita 3,000 kwa sekunde, kati yake kuna milisekunde 16.7. Kosea kusoma mshindo wa kwanza (wimbi linapofika) kwa 2 tu, kasi inakuwa 3,400, na tayari umejitengenezea mwakisiko usiokuwepo. Weka vipindo vichache (nukta ambapo mstari unapinda), pale logi zenyewe zinapobadilika. Kabla ya hapo sahihisha mshazari (geuza muda wa njia ya mshazari uwe wa wima), maana kisima kimeinama, na usisahau kuzidisha mara mbili, kwani chekishoti ni ya upande mmoja.

Densiti nayo ipitie pamoja na kalipa (logi ya kipenyo cha shimo) kabla ya kuizidisha na kasi.

Tabaka_Tatu:
Vipindo vitatu. Chini imebaki milisekunde 3, korelesheni 0.71. Ila kwenye mita 2,300 sintetiki ina bonde, mtetemo una kilele.

Jiwe_Kavu:
Pote, au hapo tu? Ikiwa pote, geuza polariti (vilele viwe mabonde). Ikiwa yote yameegemea upande mmoja bila kugeuka kabisa, ni awamu (umbo la wimbi limesogea): achana na Ricker, toa weveleti kwenye data yenyewe, dirisha lisipungue milisekunde 500 la sivyo italazimisha ulingano wa uongo.

Tabaka_Tatu:
Hapo tu.

Mshindo_Kwanza:
Kalipa inasema nini?

Tabaka_Tatu:
Inchi 14, na biti (kekee ya kuchimbia) ilikuwa ya 8.5. Densiti imeshuka hadi 2.05 wakati juu na chini yake ni 2.45. Soniki haijatikisika.

Mshindo_Kwanza:
Basi shimo limemomonyoka, na densiti hiyo imechafuliwa na tope lililolijaza. Ifute kipande hicho, ikadirie upya kutoka kwenye soniki, uendeshe tena.