Mume yuko Uingereza, mshahara umepungua kidogo kwenye kiwango cha viza ya mwenza. Tuombe sasa au tusubiri?

SubiraYangu

Habari zenu wapendwa, na wakubwa wote shikamooni. Huwa nasoma tu bila kuandika, ila leo imebidi.

Mume wangu anaishi Uingereza na ana ukaazi wa kudumu. Mimi na mtoto wetu wa miaka minne tuko huku nyumbani. Mtoto anamjua baba yake kwenye simu tu. Ikipigwa anakibusu kioo kwanza, ndipo aseme shikamoo baba. Nimechoka kuliangalia hilo, jamani.

Hali ya kipato iko hivi. Kazi yake kubwa ni kwenye nyumba ya kulelea wazee, yupo hapo mwaka wa nne, na mkataba unasema pauni 26,400 kwa mwaka kabla ya makato. Kiwango kinachotakiwa ni 29,000. Tulipoona hakifiki, tangu Julai mwanzoni akaongeza kazi ya wikiendi ghalani. Huko analipwa kwa saa, na kwa mwezi anapata wastani wa pauni 360. Sasa ni Oktoba. Ukijumlisha zote mbili tumeshavuka. Yeye anataka tuombe mwezi huu, mimi moyo unasita.

Kuna mambo mengine mawili yananisumbua. Mimi nina ajira huku, mshahara unaingia benki kila mwezi. Je, haujazii? Halafu kuna mtu anayeshughulikia safari za watu ametuambia tusihangaike, atatuwekea "pesa ya kuonyesha" kwenye akaunti, tumlipe asilimia yake, viza ikitoka anachukua hela zake. Anasema wengi wamepita hivyo. Naombeni ushauri wa dhati.

Kijana_Mpambanaji

Dada pole sana. Kwani hana ndugu au rafiki huko mwenye kipato kizuri? Atafute mdhamini wa pili asaini naye fomu, mambo yaishe. Binamu yangu alifanya hivyo akampata mkewe bila shida.

Nahodha

Kijana, binamu yako bila shaka yuko Marekani. Kule ni kweli: kwenye fomu yao ya dhamana, I-864, mume asipofikisha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao, mtu mwingine mwenye uraia au kadi ya kijani anaweza kuongezwa awe mdhamini mwenza. Na huyo anayesaini ajue anajifunga kweli, kwa sababu hata ndoa ikivunjika dhamana yake haivunjiki. Uingereza hawana utaratibu huo kwa maombi ya kawaida. Ahadi ya shemeji, mjomba au rafiki, hata awe tajiri namna gani, haihesabiwi kwenye zile 29,000. Dada asipoteze muda huko.

Dada Subira, nitarudi usiku niandike vizuri, sasa niko kazini. Kwa leo shika hili moja: msiombe mwezi huu.

MzeeWaZamani

Mwanangu, mbona mimi nilimleta mke wangu kwa pauni 18,600 na mtoto wakaniongezea 3,800? Hiyo 29,000 mmeambiwa na nani? Isije ikawa huyo mtu wa safari anawatisha ili alipwe.

SubiraYangu

Shikamoo mzee. Hapana, hiyo tumeisoma wenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza.

Nahodha

Mzee wangu, shikamoo. Ulikuja kwa kanuni ya 2012. Ilibadilika tarehe 11 Aprili 2024, na aliyeomba kwa mara ya kwanza kuanzia siku hiyo anatakiwa 29,000. Kitu kimoja kimekuwa chepesi zaidi: ile nyongeza ya kila mtoto imeondolewa. Kwa hiyo dada, mtoto wako hapandishi kiwango. Ni 29,000 mkiwa wawili, ni 29,000 mkiwa watatu.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mnahesabu pesa, na pesa kweli ipo. Afisa anayekaa na faili lenu anaanza na swali jingine: pesa hii imethibitishwa kwa namna ile kanuni inavyotaka? Watu wengi wanaanguka hapo huku kipato wanacho.

Kazi ya mshahara ina njia mbili. Kama mdhamini amekaa kwa mwajiri huyo huyo miezi sita au zaidi, anatoa slipu za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri. Kama hajafikisha miezi sita, anatakiwa mambo mawili kwa pamoja: mshahara wa sasa ufike kiwango, na tena awe ameshapokea pauni 29,000 au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Hili la pili mumeo hana. Miezi tisa kabla ya Julai alikuwa kwenye 26,400 peke yake.

Basi imebaki njia ya kwanza, na kazi ya ghalani ina miezi mitatu tu. Mkiomba leo, afisa ataiweka pembeni na mtabaki na 26,400. Mtakataliwa, na ada ya maombi hairudi.

Angalia sasa hesabu ya kusubiri. Mnachopungukiwa ni 2,600 kwa mwaka. Kazi ya kulipwa kwa saa wanajumlisha alichopata miezi sita, wanagawa kwa sita, wanazidisha kwa kumi na mbili. Akiendelea na 360 kwa mwezi, hiyo ni 4,320 kwa mwaka, na jumla yenu ni 30,720. Mna nafasi ya kupumua ya 1,720. Mwisho wa Desemba anatimiza miezi sita. Januari mnaomba mkiwa mmesimama wima.

Kuhusu mshahara wako wewe: hapana. Ukiomba ukiwa nje ya Uingereza, ajira yako ya huku haijazii hata senti. Ukishaingia na kupata kazi kule, wakati wa kuongeza muda wa viza mtahesabiwa wote wawili kwa pamoja.

MamaWawili

Mdogo wangu Subira, mimi nizungumzie hilo la pesa ya kuonyesha, kwa sababu limenikuta.

Sisi tulipungukiwa kama ninyi. Jamaa wa mume akatuazima, tukaiweka kwenye akaunti, tukaomba baada ya miezi miwili. Tulijiambia kuwa pesa ni pesa, nani atajua. Barua ilipokuja mume wangu alinisomea kwenye simu. Ukurasa wa kwanza alisoma kwa sauti, alipofika wa pili akanyamaza. Nikawa namwambia endelea, endelea, na yeye kimya. Walikuwa wameandika kwamba pesa haijakaa miezi sita na hatukueleza ilikotoka. Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Kutoka siku ile hadi nilipomwona mume wangu uwanja wa ndege ilipita miaka miwili kasoro. Kijana wangu wa kwanza alishajua kusoma.

Na sisi tulikuwa na bahati kwamba hatukughushi kitu. Huyo mtu wenu akitengeneza karatasi ya uongo kuonyesha pesa ni yenu, hilo linaitwa udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuwa kuzuiwa kuingia kwa miaka kumi. Mtoto wako atakuwa na kumi na nne. Mwambie hapana leo hii, wala usibishane naye.

Mhasibu_wa_Usiku

Naunga mkono dada hapo juu, na niongezee hesabu ya akiba ili mwone kwamba hata ingekuwa pesa halali, si njia ya mkato. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa. Juu ya hapo unaweka pengo lako mara mbili na nusu. Kwa ninyi wenye pengo la 2,600 ni 6,500, jumlisha 16,000, mnatakiwa 22,500. Ziwe zimekaa miezi sita mfululizo, salio lisishuke chini ya hapo hata siku moja, na ziwe mikononi mwenu, ziwe kwa jina lako, la mume, au la pamoja. Mkopo hauhesabiwi. Zawadi inakubalika ikiwa ni yenu kweli na imekaa muda huo. Asiye na kipato chochote anatakiwa akiba ya 88,500.

Kwa hiyo hata mkianza akiba leo, miezi sita inaisha Aprili. Kazi ya ghalani inawafikisha Januari. Jibu liko wazi.

Swali kwako dada: mshahara wa ghalani unalipwaje, benki au mkononi? Na slipu zipo zote?

SubiraYangu

Asanteni sana, nimewasoma wote na machozi yamenitoka kwa dada MamaWawili. Yule mtu nimeshamwambia hapana.

Mhasibu, ghalani wanalipa kila wiki, inaingia benki. Ila nilipomwomba anitumie picha za slipu ndiyo nimeona mambo. Za kazi kubwa zipo kwenye simu, safi. Za ghalani wanapewa karatasi. Mbili alizisahau mfukoni mwa koti la kazi, koti likafuliwa. Zimebaki kama kitambaa, unaona jina lake na mstari wa tarehe, namba zote zimefutika. Na kitu kingine: Agosti mwishoni alihama benki. Mishahara ya Julai na Agosti iliingia akaunti ya zamani, na ameshaifunga.

Mhasibu_wa_Usiku

Nashukuru umeyaona Oktoba. Mngeyagundua Januari mngelia.

Slipu zilizofuliwa, amwombe mwajiri amtolee nyingine wiki hii hii, asingoje Desemba. Wanaohusika na mishahara wana kumbukumbu. Na kuanzia sasa kila slipu aipige picha siku anayopewa na karatasi aiweke kwenye bahasha moja. Hadi Desemba zitakuwa kama ishirini na sita.

Akaunti kufungwa si tatizo, benki bado ina rekodi. Aombe taarifa rasmi ya Julai na Agosti kutoka benki ya zamani. Faili lenu litakuwa na benki mbili, mweke maelezo mafupi ya tarehe aliyohama. Kisha akae na slipu mkono mmoja na taarifa ya benki mkono mwingine, apige tiki moja moja. Slipu ikisema 83.20, benki iseme 83.20. Ikitofautiana, atafute sababu kabla afisa hajaiona.

Nahodha

Niongeze barua za waajiri, ziwe mbili. Kila moja itaje kwamba ameajiriwa hapo, mshahara kabla ya makato, ameanza lini, amelipwa kiwango hicho kwa muda gani, na aina ya ajira, ya kudumu au ya muda au kupitia wakala. Watu wengi wanaletewa barua ya mistari miwili, "tunathibitisha fulani ni mfanyakazi wetu", basi. Hiyo haitoshi. Amwandikie mwajiri orodha ya vitu vinavyotakiwa, aombe kwa adabu.

Na asiache wikiendi za Novemba na Desemba. Najua amechoka. Wastani ukishuka chini ya pauni 217 kwa mwezi, mmerudi mlikotoka.

MamaWawili

Mdogo wangu, na ada mmezipanga? Maana watu wanahangaika na 29,000 wakifika wanakuta mlima mwingine. Kwa viwango vya 2025, maombi ni pauni 1,938 kwa kila mtu, na mtoto analipa hiyo hiyo. Ada ya afya ni 1,035 kwa mwaka kwa mkubwa na 776 kwa mtoto, na mnalipia miaka mitatu kwa mkupuo. Ninyi wawili ni pauni 9,309. Hapo hujapima kifua kikuu wala kufanya mtihani wa Kiingereza.

SubiraYangu

Dada, tulikuwa tumepanga za mtu mmoja. Tulidhani mtoto analipa nusu.

Basi hapa mshahara wangu utafanya kazi hata kama hauhesabiwi. Kuanzia mwezi huu naweka wa kwangu kwa ajili ya ada, yeye abaki na kodi na chakula chake. Jana usiku tulikaa kwenye simu saa mbili nzima tukipanga. Ghalani wamekubali kumpa slipu mpya Ijumaa. Benki ya zamani wamesema taarifa itamfikia kwa posta. Nilimwambia mwanangu kwamba baba anatafuta karatasi za kutuchukua, leo asubuhi kaniletea karatasi yake ya kuchorea, eti nayo itumwe.

Swali la mwisho: barua za waajiri nimwambie azichukue sasa hivi, au?

Nahodha

Asichukue sasa. Barua na taarifa ya mwisho ya benki zisizidi siku 28 siku mnapowasilisha maombi. Desemba ikifika katikati awakumbushe waajiri, barua aichukue slipu ya mwisho ikishatoka. Mtihani wa Kiingereza wewe anza sasa, ngazi ya A1, ile ya chini kabisa, inatosha, na uhakikishe kituo kiko kwenye orodha wanayoikubali.