Mrejesho: kibali cha usalama Marekani baada ya kuficha kufukuzwa kazi

Habari wakuu. Ni mimi niliyeuliza mwaka jana: kwenye SF-86, fomu ya kuombea kibali cha kushika siri za serikali, niliandika "niliacha mwenyewe" kazi ya ghalani niliyofukuzwa kwa uchelewaji. Mpelelezi akagundua, nikaletewa barua ya tuhuma chini ya Mwongozo E, kigezo cha mwenendo binafsi (ukweli na uaminifu).

Asanteni sana, hasa yule aliyenifokea niache visingizio. Nilijibu kila tuhuma kwa kiapo, nakiri au nakana, ndani ya siku 20 za kujibu, nikaomba kusikilizwa na jaji. Barua za wasimamizi wangu watatu zilisaidia. Ya mchungaji jaji aliipitia, akaiweka pembeni.

Kilichogoma ni utetezi kwamba nilijirekebisha mwenyewe. Nafuu hiyo ni ya anayesema kabla hajabanwa. Mimi nilifunguka nikiwa tayari nimeshaonyeshwa karatasi. Kilichoniokoa ni muda kupita, na kwamba bosi, mke, hata mashemeji walishajua yote, basi hakuna wa kunitishia nayo.

Kibali nimepata. Nafasi niliyoiombea kibali alishapewa mwingine, kampuni imenibakiza stoo kwa sasa. Mkifika kipengele cha 13A cha fomu hiyo, kazi mlizofukuzwa ndani ya miaka 7 iliyopita ziandikeni zote, hata ile ya wiki mbili.